Mzee Ukutani na Meza ya Buluu

Ukiingia karakana ile asubuhi ukamkuta mzee mfupi, mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka imesahau rangi yake, amesimama kuukabili ukuta na kiganja chake kimelala juu ya soketi, usimpe pole. Haumwi, wala hajagombana na mtu. Anaanza kazi. Wenzake walimpachika jina la Mzee Ukutani, naye akalipokea vizuri tu. Hata mkewe, siku akitaka kumchokoza, humwita hivyo mbele ya wageni.

Jina hilo lina asili yake, na asili yenyewe haina utukufu wowote. Zamani, alipokuwa bado na nywele kichwani na majivuno ya kumtosha yeye na jirani, aliletewa mashine ya kuchomelea iliyogoma kabisa. Akaifungua. Siku tatu alitoa parafujo moja moja akazipanga juu ya magazeti, akajaribu waya baada ya waya, akakonda. Siku ya nne mama aliyekuwa akifagia karakana akamwuliza kwa adabu kama ile plagi iliyolala chini nyuma ya kabati ilikuwa ya mashine nyingine. Mzee hukisimulia kisa hiki mwenyewe bila kuruka kitu, na akifika kwenye plagi hunyamaza kidogo ili watu wacheke wamalize. Tangu siku hiyo, mashine ikiugua, yeye haigusi kwanza. Anaanza ukutani, umeme unakotokea, kisha anaufuata kwa miguu na kwa vidole, kiungo kwa kiungo, mpaka unakorudi. Hata ukimwambia ubovu uko wapi, anakuitikia tu na kwenda ukutani.

Wenye haraka hawaipendi tabia hiyo. Mama Pacha naye mwanzoni hakuipenda, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaona yote haya kwa macho yake, ni vizuri tumjue.

Mama Pacha ni mkwe wa mzee, ameolewa na mwanawe wa pili, yule dereva wa malori ambaye kwa mwezi hulala nyumbani siku nne, na mbili kati ya hizo anakoroma tu. Aliingia karakana ile kupaka rangi mageti. Ni kazi aliyoijua tangu usichana. Mkono wake umetulia na rangi yake haichuruziki. Siku ya tatu tu, akiwa na brashi mkononi, akaiona mashine ya plazma ikikata.

Alizoea msumeno, kelele na jasho, nusu siku kwa bamba moja la chuma. Sasa akamwona mzee ameshika tochi yenye mpira mrefu, hewa ikapuliza, na kutoka kwenye tundu dogo kuliko punje ya mtama ukateremka mwali mweupe. Bamba lile lilikuwa nene kama kidole. Mwali ukatembea juu yake kwa mwendo wa mtu anayeandika jina lake polepole, na nyuma yake chuma kikawa vipande viwili. Brashi ikamponyoka ikaangukia kiatu.

"Baba, huo ni moto wa gesi gani?"

"Hakuna gesi," mzee akasema. "Ni hewa. Kompresa inaisukuma, umeme unaipasua katikati, basi hewa inashindwa kuvumilia, inageuka kitu kingine. Si hewa tena, si moshi, wala si moto wa jikoni. Hakuna chuma kitakachosimama mbele yake."

"Hewa hii hii?"

"Hii hii unayoivuta sasa."

Mama Pacha akaivuta pumzi iliyofuata kwa tahadhari kubwa. Wiki ile ile akaomba afundishwe.

Kufundishwa kazi na baba mkwe si mchezo. Mwezi wa kwanza alikuwa akinong'ona. Akiulizwa swali anatazama viatu vyake, na siku moja alimwona mzee anataka kushika bamba lililokuwa bado linawaka moto, akashindwa kupaza sauti, akabaki anakohoa kohoa. Mzee akaungua. Alipomaliza kuutia mkono maji alimwita pembeni.

"Mwanangu, ukiniona nakosea ukanyamaza kwa heshima, iko siku heshima hiyo itaua mtu. Tufanye hivi. Huu ukwe wetu tuuache pale getini kwa mlinzi. Humu ndani mimi fundi, wewe fundi. Jioni tukitoka tunauchukua."

Mlinzi wa getini aliyasikia maneno hayo, na kwa kuwa kazi yake ina saa nyingi na vituko vichache, hakuyaacha yapotee. Kila asubuhi, kwa miaka saba sasa, wanapoingia huwauliza, "Mzigo wenu mmeniachia?" Na jioni, "Mzigo wenu huu hapa." Mama Pacha akawa mkataji hodari. Lakini wakishavuka lango anarudi kunong'ona, anatembea hatua mbili nyuma ya mzee, na anajibu "Ndiyo Baba" hata kwa jambo ambalo si ndiyo.

Kuhusu umeme, mzee alimfundisha jambo moja kabla ya yote. Alimtembeza njia nzima: soketi, waya, mashine, mpira wa tochi, ncha ya tochi, bamba, meza ya kukatia, kisha mguu wa meza. Pale mguuni palikuwa na kisikio cha chuma, kipande kilichochomoza kama sikio, na kibano cha waya wa ethi kilikuwa kimekiuma. Waya ule ulirudi hadi kwenye mashine. "Huyu msafiri hatoki kwake mpaka awe na njia ya kurudi," mzee alisema. "Watu wote wanamtafuta anakokwenda. Hakuna anayemwuliza anarudi vipi." Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Kibano kile kilikaa pale pale miaka yote saba, na kitu kinachokaa mahali pamoja miaka saba mtu huacha kukiona.

Kisha macho ya mzee yakaanza kuzimika. Alificha, kama wazee wanavyoficha, na aliweza kuficha kwa muda mrefu kwa sababu nusu ya ufundi wake ilikuwa kwenye vidole. Uchakavu wa kijiti cha ndani ya tochi aliupima kwa ncha ya msumari badala ya kuutazama. Ubora wa mkato aliusikiliza. Siri ilitoka asubuhi moja alipousimamia mtungi mkubwa wa gesi uliovishwa koti la mtu, akaupa salamu ndefu na kuuliza habari za watoto. Watu walicheka, kisha wakatazamana na kicheko kikaisha. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, na kwamba mzee alikuwa ameishi nusu gizani yapata miaka sita. Wakampasua jicho moja, wakasubiri, wakampasua la pili. Alikaa nyumbani miezi miwili.

Mama Pacha alikuwepo bandeji ya mwisho ilipotolewa. Mzee hakumtazama daktari, wala mkewe aliyejifunga kitambaa kipya makusudi. Alitazama pembeni, kwenye ndoo ya kudekia.

"Ile ndoo ni rangi gani?"

"Buluu, Baba."

"Buluu," mzee akasema. Machozi yakamtoka na daktari akamkataza kuyafuta. "Kumbe bado ipo."

Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule huififisha buluu kuliko rangi nyingine, ndiyo maana mgonjwa akipona ni kama ameletewa rangi mpya. Wiki zilizofuata mzee aligeuka kero nyumbani. Alikusanya vifuniko vya buluu vya chupa. Alilitazama jalada la daftari la mjukuu mpaka mjukuu akakosa kufanya kazi za shule. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa miaka arobaini na hajawahi kutazamwa kama jalada la daftari. Mama Pacha alicheka, lakini lile neno la hospitali, "Kumbe bado ipo", lilimkaa kifuani.

Basi Jumamosi, siku nne kabla mzee hajarudi kazini, akabaki karakanani baada ya kazi. Meza ya kukatia ilikuwa kitu cha aibu, kutu na masizi tupu. Akaondoa waya wa ethi, akaikwangua fremu na miguu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na ilipokauka akapaka buluu mikono miwili, tabaka juu ya tabaka. Aliacha fito za juu tu, zile zinazobeba bamba, kwa sababu hizo huungua kila siku. Aliacha pia kisikio cha mguuni, bila kufikiri, mkono wenyewe ulikikwepa. Mwenye karakana akapita. Huyu kila mtu humwita Bosi, mwanamke wa mbio ambaye hata chai huinywa akitembea.

"Maridadi!" Bosi akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akasimama. "Mzee atafurahi. Ila hapa umesahau." Akaonyesha kisikio kwa kidole.

Mama Pacha alikuwa amechoka na amesifiwa, na mtu wa namna hiyo hafikirii sana. Akachovya brashi, akapaka mikono miwili na kuongeza wa tatu. Jumatatu alfajiri, rangi imekauka kama kigae, akarudisha kibano mahali pake na kuanza kazi.

Mashine ikakataa. Hewa ilipuliza vizuri, mwali mdogo wa kuanzia ukatokea kwenye ncha ya tochi, ukalilamba bamba, ukafa. Akajaribu tena. Ukalamba, ukafa. Juu ya chuma palibaki mkwaruzo ambao hata kucha ingeweza kuuweka.

Aliyekuwa akishika nafasi ya mzee ni fundi wa makamo anayeitwa Kamusi, kwa sababu hawezi kusema "imeharibika" ikiwa anaweza kusema "imepatwa na hitilafu ya kimfumo". Si mtu mbaya, na kusoma amesoma. Alichukua kitabu cha mashine, akaifungua, akapima hiki na kile kwa siku mbili, akatoa hukumu kwamba bodi ya ndani imekufa. Wakati huo mabamba ya ngazi yalikuwa yamepangwa ukutani. Ilikuwa ngazi ya dharura ya shule ya ghorofa, watoto mia nne na mlango mmoja wa kutokea, na Ijumaa ilitakiwa iwe imeshafungwa mahali pake shuleni. Bosi aliacha kabisa kunywa chai.

Jumatano mzee akarudi. Mlinzi alimpokea kwa mikono miwili na kumwuliza kama mzigo ameacha. Akaingia na miwani yake myeusi ya hospitali, akasalimiwa, akasalimia, mitungi ya gesi akaipita bila kuisemesha. Kisha akaiona meza. Akavua miwani. Akasogea, akaigusa kwa nyuma ya mkono.

"Mmeniletea ndoo yangu," akasema.

Watu wakacheka bila kuelewa. Mama Pacha alielewa, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Bosi akaja. "Mzee, nakuheshimu kama baba yangu, kwa hiyo sitakuzungusha. Mashine ikikata leo kabla ya saa kumi, nashukuru Mungu. Isipokata, lori linaichukua, na wewe utaenda kupumzika. Macho hayo yameshafanya kazi ya watu wawili. Nitakuandikia barua nzuri."

Mzee akasema, "Sawa, Bosi." Lakini Mama Pacha alijua mzee anavyoliogopa neno hilo, kupumzika. Aliwahi kumwambia, "Nikikaa nyumbani nitaanza kutengeneza vitu vizima." Miezi ile miwili alikuwa ameifungua redio ya mkewe mara tatu, na redio haikuwa na ubovu wowote hadi alipoifungua mara ya pili.

"Tatizo ni bodi, Mzee," Kamusi akasema. "Nimeshathibitisha."

"Sawa, mwanangu. Nitafika huko." Akageuka, akaenda ukutani.

Mama Pacha alikuwa ameiona safari hii mara nyingi, lakini siku ile aliitazama kama mara ya kwanza. Mzee aliweka kiganja kwenye soketi, akasikiliza kwa ngozi kama kuna joto. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Akaushika waya, akautembeza mkononi wote, hakuruka hata shubiri, na penye mkunjo akaukunjua. Akainama mbele ya mashine akaisoma taa yake. Akaenda kwa kompresa, akafungua kijibomba cha chini cha chujio. Maji yakaruka, yakajaza kikombe na kumwagika. Kamusi akapata kitu cha kutazama kwenye dari.

"Hewa yenye maji inakohoa," mzee akasema tu. Watu wakafurahi, wakadhani yamekwisha. Mama Pacha akavaa barakoa, akabonyeza. Mwali ukalamba, ukafa.

Mzee akafungua ncha ya tochi, akatoa kijiti cha shaba cha ndani, akakipeleka dirishani. Katikati ya uso wa kijiti hicho, mahali moto unapozaliwa, palikuwa na kishimo kidogo sana. Miaka sita alikuwa akikigusa tu kwa msumari. Sasa alikiona, na alisahau kwamba anasubiriwa. Alikigeuza geuza kwenye mwanga kama mtu aliyepata herufi ya kwanza ya jina lake. "Kimelika," akasema mwishowe, "lakini si huyu mwizi wetu." Akaweka kipya. Mwali ukalamba, ukafa.

Bosi alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Mzee," akaanza.

"Sijafika mwisho, Bosi."

Akapitisha mkono juu ya bamba, akapitisha chini ya fito, akachuchumaa kwenye mguu wa meza. Aliwapa watu mgongo. Mama Pacha peke yake, aliyesimama ubavuni na tochi mkononi, aliweza kumwona. Mzee akakibana kibano kikafunua meno. Akaweka kidole gumba kwenye kisikio, akapitisha ukucha. Akauleta ukucha karibu na macho yake mapya. Chini yake palikuwa na uzi mwembamba wa buluu.

Hapo Mama Pacha akaelewa. Alikiona kisikio, akaona rangi mikono mitatu, ngumu kama kigae, na meno ya kibano yakiwa yameuma juu yake bila kugusa chuma. Msafiri hakuwa na njia ya kurudi. Siku mbili zile zote, watoto wale mia nne, na barua ile nzuri, vyote vilitoka kwenye brashi yake.

Mzee hakugeuka. Akatoa funguo za nyumbani mfukoni, na kwa mkono uliofichwa na mwili wake akakwangua haraka haraka, akarudisha kibano juu ya alama, akasimama huku magoti yakilia.

"Jaribu, Mama Pacha." Akageuka upande mwingine, maana hakuwa na barakoa na daktari alimkanya.

Akabonyeza. Mwali mdogo ukalilamba bamba, na safari hii haukufa. Uliruka, ukanenepa, ukanguruma, ukatoboa hadi chini, na cheche zikamwagika sakafuni. Karakana nzima ikapiga kelele. Bosi alimpiga Kamusi begani bila sababu.

"Ilikuwa nini?" Bosi akauliza.

Mzee aliufuta uso. "Uzembe wangu. Springi ya kibano cha ethi ilichoka zamani, nilitakiwa niibadilishe kabla sijaenda hospitali. Sikuiona. Macho yenyewe unayajua. Jumatatu imemaliza nguvu zake."

Kelele zikashuka. Bosi aliinamisha kichwa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa Bosi ni jambo la kuogopesha.

"Siku mbili, mzee wangu. Ngazi ya watoto. Kwa springi. Mashine inakata, lakini lile la kupumzika nililolisema pale mwanzo halibadiliki. Umefanya kazi nzuri kwetu. Kapumzike."

"Ni haki yako," mzee akasema. Akazitoa glavu zake mfukoni mwa ovaroli, moja moja, akazikunja pamoja, akaziweka juu ya mashine.

Mama Pacha alisimama na tochi mkononi, ameduwaa. Mtu huyu, ambaye maisha yake yote yalikuwa kutafuta ubovu na kuutaja, alikuwa ameupata, ameushika kwa ukucha, na ameufunika. Alikuwa ametoa kazi yake ili mkwe wake asiaibike mbele ya watu. Na ametoa bila hata kumtazama, ili asimwachie deni. Akawaza kwamba haiwezekani kumkanusha. Mkwe hamwiti baba mkwe mwongo mbele ya kadamnasi, haijawahi kusikika. Akatazama nje kupitia mlango, akamwona mlinzi kwenye kiti chake getini, anapiga miayo, amekalia mzigo wao.

"Baba anadanganya," akasema.

Hata kompresa ilichagua wakati ule kuzima.

"Samahani, Baba. Toa kidole gumba tukione."

Mzee akakitia mfukoni upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kamusi akashindwa kujizuia, akacheka. Mama Pacha akainama, akakifungua kibano, akawaonyesha: buluu tupu, na katikati yake mkwaruzo unaong'aa.

"Springi ni nzima. Ni rangi. Nilipaka mimi, umeme ukakosa pa kupita. Ndilo jambo la kwanza alilonifundisha, nami nimelipaka mikono mitatu. Kama kuna wa kwenda kupumzika, ni mimi." Sauti yake haikuwa ya kunong'ona.

Bosi akachuchumaa, akatazama. Akatazama tena. Akanyoosha kidole kuelekea kisikio, na kidole kikasimama hewani, pale pale kiliposimama Jumamosi.

"Mimi ndiye niliyekuonyesha," akasema taratibu. "Nilikwambia umesahau."

Mama Pacha hakuwa amekusudia kulisema hilo, hata kwa mateke.

"Kibano cha ethi kiko ukurasa wa kwanza wa kitabu," Kamusi akasema kutoka nyuma, kwa maneno mafupi kuliko yote aliyowahi kuyatumia. "Mimi nilianzia wa arobaini."

Bosi akainuka, akatazama kila mmoja wao kama anayetafuta mtu ambaye hana kosa. Hakumpata. "Mzee," akasema, "vaa glavu zako. Na huo mguu uukwangue wote, rangi isibaki hata chembe."

Mzee akavaa. Akachukua tupa, akatoa mfukoni kifuniko cha chupa, cha buluu, akakiweka juu ya kisikio na kukwangua kwa kukizunguka. Chuma kikatokea, duara safi lisilozidi kifuniko. Akakibana kibano humo.

"Nimesema mguu wote," Bosi akasema.

"Umeme hauhitaji mlango mkubwa, Bosi. Na rangi hii nimeikosa miaka sita."

Bosi akaenda kutafuta chai.

Walikata mpaka saa kumi na moja, na kabla ya bamba la mwisho Mama Pacha akavua barakoa yake akampa mzee, naye akachukua ya akiba. "Sasa tazama, Baba." Akabonyeza. Mzee aliinama karibu kuliko alivyowahi kumruhusu mtu yeyote kuinama. Mwali ukashuka wima, umenyooka, hautikisiki, mwembamba kama sindano ya kushonea, na chuma kikajiachia chini yake bila ubishi. Mama Pacha alikuwa amekata kwa mwali huo miaka saba, na bado ukamsisimua. Hewa hii hii. Alifika mwisho wa bamba, kipande kikaanguka, na mzee bado alikuwa ameinama juu ya mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mwembamba hivyo?" akauliza ndani ya barakoa. "Mimi nilikuwa nauona kama pamba. Nikadhani nao umezeeka."

Jioni walitoka pamoja. Mama Pacha, kwa mazoea, alianza kurudi nyuma hatua mbili kabla hata ya lango, na aibu ya mchana ikaanza kumpanda. Alikuwa amemwita baba mkwe mwongo mbele ya watu kumi na mmoja. Mlinzi akainuka kwenye kiti.

"Mzigo wenu huu hapa. Nimeutunza vizuri."

Mzee alisimama. Akamtazama mlinzi, akamtazama Mama Pacha kwa macho yale mapya.

"Leo uache ulale hapo hapo," akasema.

"Na kesho?"

"Kesho pia. Ukikaa sana, mgawie mtu."

Akamngoja Mama Pacha mpaka akafika ubavuni, na hapo ndipo akaanza kutembea. Njia nzima alimwonyesha vitu vya buluu. Mara mbili alikosea, kilikuwa kijani, na Mama Pacha akamwambia.